Nimeiona Johannesburg, Nami Nafuta Sehemu ya Maneno Yangu

Ndugu Mhariri na wasomaji wenzangu,

Wale waliokuwapo katika mdahalo wetu wa mwezi wa Machi watakumbuka hoja iliyokuwa mbele yetu siku ile: "Machimbo huleta maendeleo kuliko kilimo." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kukubali. Nilisimama nikasema kwa sauti kubwa kwamba mtu yeyote mwenye shaka na aitazame Johannesburg. Nilisema mji ule hauna bahari, hauna bandari, wala mto mkubwa wa kupitisha hata mtumbwi, lakini ni miongoni mwa miji mikubwa ya Afrika, na sababu yake ni moja tu, nayo ni dhahabu. Mkapiga makofi, na upande wetu ukashinda.

Mtakumbuka pia kwamba dada mmoja wa upande wa kupinga aliniuliza swali dogo. Aliuliza, "Nani aliyeichimba, na nyumbani kwake kuna nini leo?" Nilimjibu kwa mzaha, ukumbi mzima ukacheka, naye akaketi. Leo naandika kwa sababu ya swali lile. Katika likizo ya Juni nilibahatika kwenda Johannesburg, nami nimerudi nikijua kwamba kicheko si jibu.

Mjomba wangu anafanya biashara huko, naye ndiye aliyenilipia nauli. Tulitoka Mbeya kwa basi, tukavuka Tunduma, tukapita Zambia na Zimbabwe, na baada ya siku tatu za kuketi mpaka miguu ikavimba, tukaingia Johannesburg alfajiri. Baridi ilikuwa kali, maana Juni kwao ni katikati ya kipupwe, na mji wenyewe uko juu sana, kama meta 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mtu wa Tukuyu hachekwi kwa kuogopa baridi, lakini ile ilinishinda.

Kabla ya safari nilikwenda kumuaga babu yangu. Wengi wenu mnamwona akipita njiani na fimbo yake. Nilipomwambia niendako alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hamba, mjukuu wangu." Nikamwuliza hilo ni neno la lugha gani. Akacheka, akasema ni Kifanakalo, lugha ya machimbo, maana yake "nenda," na kwamba maji huitwa manzi. Ndipo nilipojua, nikiwa na umri wa miaka 19, kwamba babu alikuwa mchimbaji wa dhahabu ya Johannesburg. Alikwenda mwaka 1956 na mkataba wa Wenela, akarudi, akaenda tena, akarudi kabisa mwaka 1961. Nilipokuwa nikiwasomea tarakimu zangu katika mdahalo, shahidi alikuwa ameketi nyumbani kwetu, wala sikujua.

Wenzangu ambao hawajalisikia jina hilo, Wenela ni chama kilichoundwa na wenye machimbo mwaka 1900 kwa ajili ya kuandika vibarua kutoka nchi za mbali. Watu walitoka Msumbiji, Nyasaland, na pia huku kwetu kusini mwa Tanganyika. Babu anasema walichukuliwa kwa lori hadi Nyasaland, wakapandishwa ndege hadi Francistown, katika nchi ambayo leo ni Botswana, na kutoka hapo wakasafirishwa kwa gari la moshi. Baada ya uhuru wa 1961 serikali yetu ilikataza watu wake kuandikwa kwenda huko, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Kwa hiyo wazee walioijua njia ile ni wachache sasa, na kila mwaka wanapungua.

Kwanza nataka kuwa mkweli juu ya uzuri wa mji. Usemi wetu wasema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa, na Johannesburg umeundwa kweli. Dhahabu ya mkanda mkuu iligunduliwa mwaka 1886 katika shamba la Langlaagte. Wakati huo palikuwa na nyasi na mashamba ya Makaburu tu. Soko la hisa likafunguliwa mwaka 1887, na baada ya miaka kumi mji ulikuwa na watu kama 100,000. Kwa sensa ya 2022 ulikuwa na watu milioni 4.8. Nimeliona jumba la Carlton, ghorofa 50, lililofunguliwa mwaka 1973. Nimekiona Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambacho asili yake ni shule ya kufundisha kazi ya machimbo, na leo kinafundisha utabibu, sheria na elimu nyinginezo. Mimi mwenyewe ningependa kusoma pale. Basi katika jambo hili sifuti neno. Dhahabu ililetea mji fedha, na wenye akili wakazigeuza fedha zile kuwa viwanda, benki na shule, hata leo ambapo uchimbaji umepungua sana mji bado unaishi. Afrika Kusini ilichimba karibu tani 1,000 za dhahabu mwaka 1970, na siku hizi inachimba kama sehemu ya kumi ya hizo, lakini Johannesburg haukuhamwa.

Siku ya tatu mjomba alinipeleka Gold Reef City, mahali palipojengwa juu ya mgodi wa zamani. Mtoto hupanda bembea na kula maandazi hapo, lakini mwenye kutaka huvalishwa kofia ya chuma yenye taa akashushwa chini kiasi cha meta 75. Nilishuka. Mwenye kutuongoza alizima taa zote kwa muda mfupi ili tuone giza la mgodi lilivyo, na sijapata kuona giza la namna ile, hata nikiufumba na kuufumbua mkono mbele ya macho sikuuona. Kisha akawasha mashine ya kutobolea mwamba, kidogo tu, na mlio wake ulinipiga kifuani kama ngoma. Nikafikiri, hizi ni meta 75. Machimbo ya siku hizi magharibi mwa mji yamefika karibu kilometa 4 chini ya ardhi, ambako mwamba ni wa moto mpaka hewa inapozwa kwa barafu. Na babu alifanya kazi ile zamu baada ya zamu akiwa na miaka 20, umri wangu mimi pamoja na mmoja.

Humo shimoni ndimo nilimojifunza jambo ambalo halikuwamo katika hotuba yangu. Dhahabu ya Johannesburg si vipande vya kuokota. Imetawanyika katika mwamba kama chumvi katika ugali, na tani nzima ya mawe hutoa gramu chache tu. Hapana budi kuchimba mawe mengi sana, mbali sana chini, na kuyasaga kama unga. Tena kwa miaka mingi bei ya dhahabu ilikuwa imewekwa na serikali za mataifa makubwa, wala mwenye mgodi hakuweza kuipandisha hata senti moja. Basi alitafuta faida wapi? Mashine zina bei yake, na mbao za kuegemezea mwamba zina bei yake. Kilichobaki ni mshahara wa kibarua. Ndiyo maana wenye machimbo waliungana katika kuandika watu badala ya kushindana, ili kusiwe na mmoja wa kuwapandishia mishahara wengine. Ndiyo maana sheria ya 1911 iliwafungia Waafrika kazi za ufundi, na sheria ya ardhi ya 1913 iliwaachia wenyeji sehemu ndogo sana ya nchi yao, kama saba kwa mia, wasiweze kuishi kwa kulima tu. Watafiti waliohesabu mishahara ya wachimbaji Waafrika wameonyesha kwamba mwaka 1969 uwezo wake wa kununua haukuzidi ule wa mwaka 1911. Angalieni, wenzangu: karibu miaka sitini, mji unapanda juu ghorofa kwa ghorofa, na mchimbaji amesimama palepale. Mwaka 1946 walipogoma, watu zaidi ya 60,000, wakidai shilingi kumi kwa siku, waliteremshwa tena mashimoni kwa nguvu za polisi, na wengine wakauawa.

Hapo ndipo niliposema moyoni kwamba hotuba yangu ilikuwa na kosa. Nilisema dhahabu ilijenga Johannesburg, na kumbe dhahabu ilikuwa imelala pale tangu kabla ya Adamu bila kujenga hata kibanda. Kilichojenga ni dhahabu pamoja na kazi iliyolipwa pungufu. Ule upungufu haukupotea. Umesimama pale mjini, nami nimeupiga picha.

Katika mtaa wa Newtown nililiona jengo lililokuwa kambi ya vibarua wa manispaa, ambalo limefanywa makumbusho. Vitanda ni rafu za saruji, moja juu ya nyingine, mtu analala kama sahani kabatini. Niliporudi nilimweleza babu, naye akasema kambi yao ya mgodini ilikuwa hivyohivyo, na kwamba kila mtu alijitahidi kupata rafu ya juu, maana ya chini ilipokea vumbi na makombo ya wote. Aliyasema hayo bila hasira, kama mtu anayeeleza bweni la shule.

Mjomba alinionyesha pia vilima vya manjano vilivyozunguka upande wa kusini. Mgeni hudhani ni vilima vya Mungu. Ni mchanga wa mawe yaliyosagwa kutoka chini, na vimekaa katikati kama ukuta: kaskazini mitaa ya miti mizuri, na kusini Soweto, ambako Waafrika waliwekwa ili wawe karibu na kazi na mbali na macho. Sisi tunaijua Soweto kila mwaka tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, kwa kuwakumbuka wanafunzi waliopigwa risasi mwaka 1976. Upepo ukivuma, mchanga ule huingia majumbani. Tena tangu mwaka 2002 maji yenye tindikali yamekuwa yakifurika kutoka katika mashimo ya zamani karibu na Krugersdorp, kwa kuwa pampu zilizimwa machimbo yalipofungwa. Vilima vingine vinasombwa vioshwe upya ili kutoa dhahabu iliyobaki. Mchanga wenyewe umepata wa kuuhesabu mara ya pili.

Je, mchimbaji naye amehesabiwa mara ya pili? Hapa nitaeleza polepole. Vumbi la mwamba wenye dhahabu likiingia mapafuni halitoki. Huyafanya magumu, na mtu hukohoa na kukosa pumzi, hata miaka mingi baada ya kuacha kazi, na kifua kikuu humpata kwa urahisi. Wachimbaji wa zamani walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 makampuni sita ya dhahabu yalikubali kutenga randi bilioni 5 kwa ajili ya kuwalipa wagonjwa na wajane wao. Mahakama ilithibitisha mwaka 2019. Ni jambo jema, nami nawapongeza waliolipigania. Lakini mapatano yale yanawahusu waliofanya kazi kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Babu yangu alirudi mwaka 1961. Wazee wetu walioandikwa kabla ya serikali kuifunga njia ile, wote wako upande wa nyuma wa tarehe hiyo. Babu hukohoa usiku. Sisemi kwa hakika ni kwa sababu gani, maana mimi si daktari, na mzee wa miaka yake ana sababu nyingi za kukohoa. Nasema tu kwamba hakuna aliyepata kumwuliza.

Sasa najua wako watakaosema, "Babu yako hakwenda bure." Ni kweli, nami sitaficha. Alirudi na baiskeli, cherehani na blanketi mbili. Sehemu ya mshahara wake ilikuwa imewekwa, akalipwa aliporudi, na kwa fedha zile alinunua ng'ombe wa mahari akamwoa bibi. Bila machimbo mimi nisingekuwapo kuandika habari hii. Lakini nilipomwuliza leo amebakiwa na nini, alinionyesha ile cherehani. Bibi aliishonea sare za baba yangu, na bado inashona. Kwa miaka minne hivi chini ya ardhi, kijana mwenye nguvu alibakiwa na cherehani na kikohozi, na Johannesburg ukabakiwa na Johannesburg. Mgawanyo huo haunifurahishi.

Wengine watasema hayo ni mambo ya Makaburu na ubaguzi, nao umekwisha, kwa hiyo hayatuhusu. Ningekubali kama tusingekuwa na Chunya. Dhahabu ya Lupa iliwavuta watu kwa maelfu tangu miaka ya 1930, na inawavuta hadi leo. Mwaka jana tulikuwa na wenzetu watatu walioacha shule kwenda kuchimba, nanyi mnawajua. Mmoja wao alirudi na pikipiki, na siku ile nusu ya darasa letu haikusikiliza hesabu. Wanaponda mawe makavu, nyuso zao nyeupe kwa vumbi kama waliopakwa unga, na wanaikamata dhahabu kwa zebaki mikononi mitupu. Pale hakuna Kaburu. Mwamba lakini haujui ubaguzi umekwisha, na vumbi lake ni lilelile alilolimeza babu.

Nakiri kwamba nchi yetu imefanya jambo. Sheria ya madini ilipobadilishwa mwaka 2017 serikali ilipewa hisa zisizopungua 16 kwa mia katika migodi mikubwa, na Chunya kuna soko la madini tangu mwaka 2019, ambako mchimbaji mdogo huuza kwa mizani iliyo wazi badala ya kumtegemea mlanguzi. Hayo yanalinda dhahabu isitoroke. Bado nataka kujua yanamlinda vipi yule kijana anayeiponda, na nani ataandika jina lake na tarehe yake, ili siku ya kuhesabiana asije akaambiwa kwamba yuko upande wa nyuma wa mstari.

Tena tusidhani kwamba shimo likifungwa habari imekwisha. Mwezi wa Januari 2025, huko Stilfontein, kiasi cha kilometa 150 kutoka Johannesburg, miili 78 ilitolewa katika mgodi ulioachwa. Walikuwa watu walioingia bila ruhusa kutafuta makombo ya dhahabu, na wengi walitoka nchi zilezile zilizopeleka vibarua zamani. Babu aliposikia habari hiyo redioni aliizima redio, akatoka nje.

Basi maoni yangu ni haya. Machimbo yanaweza kuleta maendeleo, na Johannesburg ni ushahidi. Lakini tusiupime mgodi kwa urefu wa majumba yaliyo mjini. Tuupime kwa kwenda nyumbani kwa aliyechimba, miaka hamsini baadaye, tutazame kuna nini. Kipimo hicho kiwekwe mwanzoni, wakati mkataba unaandikwa na kijana bado ana mapafu mazima, maana mwishoni wakubwa watakuwa na mawakili na mdogo atakuwa na fimbo.

Kwa upande wetu wanafunzi nina maombi matatu. La kwanza, anayekwenda Chunya wakati wa likizo, kama lazima aende, na aloweshe mawe kabla ya kuyaponda, afunike pua na mdomo, asiishike zebaki kwa mikono, na arudi shule inapofunguliwa. La pili, kila mmoja wetu awaulize wazee wa kwao kama wako waliokwenda na Wenela, aandike majina yao, miaka yao na mgodi waliofanyia kazi. Mwalimu wetu wa historia amekubali kulitunza daftari hilo maktabani. Mimi nimekwisha kuliandika jina la kwanza. La tatu ni kwa chama cha mdahalo: naomba hoja ile irudiwe muhula ujao. Mara hii nitaketi upande wa kupinga, na yule dada aseme kwanza, maana swali ni lake, nasi tulilicheka.

Wenu mtiifu,
Mwanafunzi, Kidato cha Sita